Uzio wa Mwaka wa Tatu

Siku tisa kabla ya kikao cha baraza, Bibiane M'Bisimwa alikuwa amelifungua na kulifunga jedwali lile lile mara nyingi mno, hata binti yake Ornella akamwuliza kama kompyuta ilikuwa imemkosea adabu. Bibiane hakucheka. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari, kisha akakaa tena mbele ya mstari wa kumi na nne. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi: "Uzio wa upande wa mlima: umejengwa, asilimia mia moja." Katika jedwali zima la mistari arobaini na mitatu hapakuwa na mwingine uliopakwa kijani cha kuiva namna ile. Na ndio uliokuwa ukimnyima raha tangu mwezi wa tisa.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na hakujua kutulia. Alizaliwa Luvungi, kwenye uwanda wa Ruzizi, ambako baba yake, Mwalimu Bisimwa, mtu wa Bashi, kabila la milimani, alipelekwa kufundisha shule ya msingi na serikali ikamsahau huko huko. Mwalimu Bisimwa aliandika kila kitu kwenye daftari: siku ya mvua, watoto waliokosa darasani, tarehe kuku alipoanza kuatamia. Bibiane alirithi ugonjwa huo mzima mzima. Alipokuja Bukavu kusoma mambo ya uongozi wa kazi, aliwapangia hata wadogo zake mwaka wa kuoa. Wengine walimtii, wengine walihama mji. Mumewe Patrice alikuwa Kamituga kwenye biashara ya dhahabu, na barabara ya huko mvua ikishaanza haifuati mpango wa mtu, kwa hiyo alifika siku aliyofika. Nyumba, watoto wawili na hesabu zote za maisha zilikuwa mikononi mwa Bibiane. Tusimwonee huruma kwa hilo, maana mwenyewe alipenda hivyo.

Kazi yake ilikuwa katika Wakfu wa Lulanga, taasisi ya umma ya sanaa na utamaduni iliyopewa jina la chombo cha nyuzi cha wazee wa Kishi. Mjini hakuna aliyesema wakfu. Wote walisema fondasyo, na yatosha. Fondasyo ilikaa Nyalukemba katika nyumba ya zamani yenye ua mpana nyuma, na juu ya ua ule ulipanda mlima wenye nyumba za mbao zilizokanyagana, mlango wa hii juu ya bati la ile. Bibiane ndiye aliyeandika Mpango wa Miaka Mitano, na ndiye aliyepima kila robo ya mwaka kama mpango unakwenda au umelala. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, misa zote zikiwa zimekwisha, kikundi cha Mzee Jacques kilipiga ngoma uani na kuimba nyimbo za zamani. Kuingia ilikuwa bure. Ilikuwa tu lazima kupita getini, kwa Bibiane, na kuandika jina, mtaa, namba ya simu na sahihi.

Mwaka wa kwanza wa mpango orodha haikupata kuvuka watu sabini. Mkaguzi mmoja alitoka Kinshasa, viatu vyake vikimulika, akapekua karatasi na kusema kwamba watu sabini katika mji wa watu zaidi ya milioni ni aibu. Mkaguzi hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. Bibiane aliyainua. Juu pale mlimani watu walikuwa wameketi kwenye ngazi za udongo, kwenye mawe, vizingitini, wengine juu ya mapaa: wanawake na sinia za maharagwe, mwanamume akimnyoa mwenziwe, fundi cherehani na cherehani yake nje. Alihesabu, kwani angefanya nini kingine? Alipata watu mia tatu themanini na sita, mbali na watoto wa mgongoni. Watu wote hao walikuwa wanaona kila kitu na hakuna karatasi iliyowajua.

Wazo lilimjia pale pale, na lilimjia likiwa limevaa vizuri. Upande wa mlima ukizibwa, wale watu watashuka wenyewe. Wakishuka watapita getini. Wakipita getini wataandikwa. Mia tatu themanini na sita na sabini ni mia nne hamsini na sita. Alimwambia mkurugenzi, Monsieur Chrispin, mtu mpole mwenye kuogopa vikao, naye alilipenda wazo hilo hata akawa analisema kila mahali kama lake. Alikumbuka kwamba ni la Bibiane siku ilipotakiwa sahihi ya mtu wa kuwajibika. Bibiane alitia sahihi kwa furaha. Uzio ukaingia katika mpango, mwaka wa tatu.

Mabati ya urefu wa mita nne yalisimamishwa juu ya nguzo za mikaratusi, kutoka kona hadi kona. Mwanamke mmoja aliwauliza mafundi kutoka juu, "Munafunga nini pale?" Fundi akajibu, "Ni projet, Maman." Katika mji wetu jibu hilo, kwamba ni mradi, linamaliza mazungumzo, naye mwanamke akaingiza sinia yake ndani. Mwezi wa kwanza orodha ilipata sahihi mia moja hamsini na mbili, mwezi wa pili mia moja na sitini, na ofisini wakanywa Fanta. Mwezi wa tatu tisini. Mwezi wa nne hamsini na moja. Sasa, miaka miwili baadaye, Jumapili njema ilikuwa na watu thelathini na watatu, tisa kati yao wakiwa wafanyakazi wa fondasyo na shemeji zao.

"Andika mvua," Monsieur Chrispin alimwambia asubuhi ya siku hiyo ya tisa kabla ya kikao, kuhusu sababu ya watu kupungua.

"Jumapili saba za mwaka huu haikunyesha, Directeur."

"Basi andika mvua na hali ya usalama. Nani atabisha?" Alisogeza kiti, akashusha sauti. "Bibiane, plan hii inaisha mwezi wa kumi na mbili, na contrat yako inaisha nayo. Plan mpya itahitaji mutu. Ule mwenye atatetea ya zamani muzuri, njo atapewa mupya. Nakuambia kama ndugu."

Alikuwa mkweli, na alimtakia mema. Katika rasimu ya mpango mpya alikuwa amekwisha kuandika paa juu ya viti, jukwaa la saruji, na uzio kuongezwa uwe mita sita. Bibiane alirudi mezani kwake. Bila kazi ile karo ya watoto ingengoja gari la Kamituga, na yeye mwenyewe angekuwa nani? Aliandika "mvua". Akafuta. Akaandika tena.

Mchana huo huo Mzee Jacques aliingia ofisini bila kubisha. Siku za kazi alikuwa fundi wa viatu, na vidole vyake vilinuka gundi daima. Hakuwa mzee wa maneno matamu. Alikuwa mzee wa kununa. Alikuja kuomba programu ifupishwe, iwe nusu saa badala ya saa mbili.

"Mumechoka?" Bibiane alimwuliza.

"Hatujachoka. Nyimbo njo zimekuwa fupi. Ile ya ng'ombe ilikuwaka inapiga dakika makumi mbili. Sasa dakika sita imeisha. Naita, hakuna mwenye kuitika. Naita tena, nasikia sauti yangu ku bati, inanirudilia. Nitaita mara ngapi kama mutu mwenye kupoteza mbuzi?"

Bibiane aliuliza ni nani waliokuwa wakiitika zamani. Mzee Jacques alimtazama kama mteja aliyeleta kiatu kimoja.

"Bale ba ku mulima. Siye chini tulikuwa batu kumi na tatu, tunaanza tu. Kuimba kwenyewe kulikuwa kule juu. Weye ulibaita nani?"

Bibiane alikuwa amewaita watazamaji wasioandikwa. Hakulisema neno hilo. Alisema jambo baya zaidi: "Mbona hukusema tulipokuwa tunajenga?"

"Nani aliniuliza? Mulileta karatasi, mukasema saini. Nikasaini."

Alipotoka, Bibiane aliitafuta karatasi ile kwenye faili. Ilikuwepo, "Kikao cha kushirikisha wasanii", sahihi kumi na tatu, dakika arobaini na tano, chai na mandazi. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Miaka yote alikuwa amejisifu kwamba hafanyi lolote bila kuwashirikisha watu, na ushahidi wake wote ulikuwa sahihi.

Kesho yake alipanda mlima. Alifanya kazi chini yake miaka kumi na moja na hakuwahi kuukanyaga. Ngazi za udongo zilikuwa zimelowa, naye alivaa viatu vya ofisi, kwa hiyo alifika juu akiwa ameshika mbao za nyumba za watu kama mlevi. Mlangoni mwa nyumba ya nne alimkuta mama wa miaka hamsini na kitu akichambua sombe, majani ya muhogo; alikuwa mnene, mwenye macho makali. Alijitaja kuwa Maman Agathe. Bibiane alijitaja pia, na Maman Agathe akasema anamjua, ni yule wa makaratasi.

"Maman, juu ya nini muliacha kushuka?"

"Kushuka kufanya nini?" Maman Agathe hakuacha kuchambua. "Siye tulikuwaka tunatazama na kazi mu mikono. Bwana yangu alikuwa mugonjwa, tunamulaza pale ku mulango, anaona yote, anaitika na ile sauti yake kidogo. Kushuka kule inaomba kuoga, kuvaa, kuacha moto. Unakaa masaa mbili ku kiti kama uko mu misa. Na ile liste."

"Liste iko na shida gani?"

"Liste ni ya réunion ya kugawa vitu. Mutu akisaini, anangojea. Ile mwezi ya kwanza tulishuka batu mingi, tukasaini, tukasema labda kitu itakuja. Chandarua, ao bâche ya kufunika nyumba. Mwezi ya pili tukarudi kuuliza kimya kimya. Hakuna kitu ilikuja. Tukajua ile liste iko ya bengine."

Bibiane alisimama na daftari mkononi asiandike kitu. Ile mia moja hamsini na mbili, ile mia moja na sitini, zile nambari alizozichorea mchoro wenye rangi, zilikuwa foleni ya vyandarua. Alitaka kumlaumu mtu na hakumpata. Alimwuliza Maman Agathe mumewe anaendeleaje siku hizi.

"Alikufa. Mwaka jana, mwezi ya ine."

Bibiane alisema pole. Aliuliza majirani wengine watatu, kila mmoja mlangoni mwake, akapata majibu yale yale, akashuka kwa haraka yake ya kawaida. Aliona amekwisha kufahamu kila kitu, na hiyo ndiyo tabia iliyomponza tangu mwanzo.

Siku zilizobaki kufikia kikao hakula vizuri. Alimfokea Ornella kwa sababu ya chumvi, akaomba radhi, akamfokea tena kwa sababu ya mlango. Kanisani alitazama kwaya akajikuta anahesabu vinywa. Alijua vizuri kwamba akisema ukweli atakuwa anajikata mwenyewe, maana jina lililo chini ya uzio si la Chrispin wala la mkaguzi. Alijua pia kwamba asiposema, uzio utapanda mita sita na jina lake litapanda nao.

Baraza lilikuwa na watu saba, na mwenyekiti wake alikuwa Maman Eulalie, mkuu wa shule mstaafu, ambaye miwani yake ilining'inia kifuani na kila aliyemwona alihisi hajamaliza kazi ya nyumbani. Bibiane alipitisha mistari kumi na mitatu bila taabu. Ilipofika wa kumi na nne, baraza liliona mstari uliopakwa upya, mwekundu.

"Sijaelewa," Maman Eulalie alisema akivaa miwani. "Uzio haukujengwa?"

"Umejengwa, Maman. Umejengwa vizuri sana. Na hiyo njo shida."

Akaeleza. Alieleza vibaya, akirukaruka, akianza na vyandarua na kurudi kwenye wimbo wa ng'ombe, lakini alieleza yote: kwamba waliokuwa mlimani ndio waliokuwa wanaimba, kwamba fondasyo ya kulinda nyimbo imewafungia mlango waimbaji, na kwamba nambari nzuri za mwaka wa tatu hazikuwa za wapenda ngoma. Monsieur Chrispin alikohoa kikohozi kirefu. Mjumbe mmoja aliuliza ni nani aliyependekeza uzio huo.

"Miye," Bibiane alisema. "Sahihi iko yangu na wazo lilikuwa langu. Ninaomba ubomolewe."

Watu wa baraza wakatazamana. Mjumbe yule yule akasema wazo ni zuri, ila liingizwe katika mpango mpya kwa utaratibu: mwaka wa kwanza kuhamasisha, mwaka wa pili utafiti, mwaka wa tatu kubomoa. Hakuwa anatania. Bibiane aliutambua utaratibu ule neno kwa neno, kwa sababu ndiye aliyewafundisha. Akasema miaka mitatu ni mingi, Mzee Jacques yuko karibu kufunga ngoma. Maman Eulalie aliuwekea kidole ule mstari mwekundu.

"Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili nitakuja mimi mwenyewe," alisema mwisho. "Tengeneza ulichoharibu, Maman Bibiane, tuone. Habari ya nani ataandika mpango mpya tutaizungumza baada ya siku hiyo."

Alitoka pale mwili mwepesi, akapanda mlima kwa viatu vile vile, akateleza mara mbili na kujicheka. Alikuwa na habari njema kwa mara ya kwanza tangu miezi mingi. Alimkuta Maman Agathe akipepea makaa, akamwambia bila hata salamu ndefu kwamba mabati yanaondoka, wiki hii hii, mlima utafunguka kama zamani. Maman Agathe aliacha kupepea.

"Bati gani?"

"Yote, Maman."

"Hapana. Ile yangu hamugusi."

Bibiane alidhani hajaeleweka, akaanza upya polepole. Maman Agathe akamshika mkono, akamzungusha nyuma ya nyumba, pahali ambapo siku ile Bibiane hakufika kwa sababu aliuliza maswali yake milangoni. Nyuma pale palikuwa na chumba. Kuta zake tatu zilikuwa za mbao, na ya nne ilikuwa uzio wa fondasyo. Mabati yaleyale yaliyoonekana chini uani kama mabati tu, upande huu yalikuwa yametundikwa picha ya Bikira Maria, kalenda ya parokia, sufuria mbili na nguo za mtoto. Kitandani alikaa binti wa Maman Agathe, Tatiana, akinyonyesha. Nyumba ya jirani ilikuwa na chumba cha namna hiyo, na ya jirani yake, na nyingine hadi kona. Vyumba saba vilikuwa vimeegemea mstari wa kumi na nne.

Ni lazima tuseme ukweli, mtu yeyote wa Bukavu angekisia. Mlimani pale ukuta ulio tayari, uliosimamishwa na mwingine, hauachwi peke yake hata wiki. Bibiane, mwanamke wa mipango, peke yake ndiye aliyefikiri kwamba uzio una upande mmoja.

"Tatiana alikuwa analala na siye sita mu chumba moja," Maman Agathe alisema. "Ile bati yako njo ilitupatia nafasi. Sasa huyu mutoto nimuweke wapi? Uliponifunga hukuniuliza. Leo unanifungua, hukuniuliza tena."

Bibiane aliketi ukingoni mwa kitanda. Alijiona mjinga, na safari hii hapakuwa na mkaguzi wala mkurugenzi wa kugawana naye. Huko chini kikundi kilikuwa kinafanya mazoezi. Ngoma ilipiga na bati lote likatetemeka, sufuria zikagongana, Bikira Maria akacheza ukutani. Mtoto hakushtuka. Tatiana alisema ndivyo anavyolala, bila ngoma halali.

Bibiane alikuwa na maswali kumi na mawili tayari kwenye daftari, ya kuchagua jibu moja. Hakulifungua.

"Maman, weye unataka nini?"

Maman Agathe alifikiri. Hata yeye hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alitazama chumba, ambacho saa kumi mchana kilikuwa kimekwisha kuingia giza.

"Dirisha," alisema. "Hapa mutu hata sindano haioni."

Fundi aliyeitwa na Bibiane alikuja na mkasi wa mabati, akakata dirisha la ukubwa wa meza ndogo, akatia fremu ya mbao na kifuniko cha kufungia usiku. Nyumba nyingine mbili zikakubali kukatiwa. Nne zilikataa, zikasema zinangoja kwanza zione kama mvua haitaingia kwa Agathe. Monsieur Chrispin alikuja uani, akatazama mashimo matatu kwenye uzio wake, akavua miwani akaifuta.

"Mu baraza uliomba kubomoa. Dirisha haziko mu plan, Bibiane. Haziko mu ya zamani, haziko mu mupya. Nitamwambia nini Maman Eulalie?"

Usingizi wa Bibiane wa wiki hiyo ulikuwa wa kukatika katika. Aliota anahesabu madirisha na kila akifika matatu yanakuwa mawili.

Jumapili ikafika, bila mvua. Maman Eulalie aliketi mstari wa mbele, mkoba magotini. Monsieur Chrispin aliketi kiti cha tatu kutoka kwake, pahali ambapo mtu anaweza kuonekana yuko naye au hayuko naye, kutegemea mambo yatakavyokwenda. Getini zilipatikana sahihi ishirini na tisa. Juu kwenye uzio vifuniko vitatu vilikuwa wazi; katika kimoja alionekana Maman Agathe na mjukuu begani, katika kingine vijana wawili wakigombania nafasi, katika cha tatu sinia ya maharagwe bila mtu.

Mzee Jacques alianza na ule wa ng'ombe. Aliita. Hakuna aliyeitika. Wale kumi na wawili waliimba kipande chao, akaita tena akiinua uso kuelekea madirisha, na Maman Agathe akafungua mdomo, akaufunga.

"Nimesahau," alisema kwa sauti, na watu wa viti wakacheka.

Ilikuwa miaka miwili. Kilichokuwa kikikaa vinywani kwa sababu kiliimbwa kila mwezi kilikuwa kimeondoka, na dirisha halikukirudisha. Bibiane alisimama getini. Alimtazama Maman Eulalie mgongoni. Mgongo ule ulikuwa umenyooka kama wa mtu anayesahihisha mtihani.

Mzee Jacques hakununa. Aliita mara ya tatu, polepole, na safari hii Maman Agathe aliitika, akichelewa nyuma ya mpigo wa ngoma, sauti mbaya, maneno nusu. Mzee akaita tena. Vijana wa dirisha la pili wakaokota neno la mwisho. Kisha Maman Agathe, ambaye hakupenda kuonekana mjinga peke yake, alimwona Bibiane.

"Na weye wa makaratasi?" alipaza sauti kutoka juu. "Uko kila Jumapili, miaka yote. Itika."

Uso wa kila mtu uligeuka, na wa Maman Eulalie pia. Bibiane alishika meza. Wimbo ule ulikuwa katika taarifa zake zote. Alijua unachukua dakika ngapi, aliyeuimba kwa mara ya kwanza ni nani, umeimbwa mara ngapi tangu mpango uanze, uko katika kundi gani la urithi. Alisimama umbali wa hatua ishirini kutoka kwenye ngoma hiyo miaka kumi na moja, akiangalia kama watu wameandika namba zao za simu vizuri. Angeweza kutabasamu na kutikisa mkono, kama wafanyavyo wakubwa. Alijua mtu gani yuko mstari wa mbele na anangoja kuamua nini.

"Sijue maneno," alisema.

"Unasema nini? Sisikie."

"Sijue maneno, Maman. Hata moja."

Watu hawakucheka. Maman Agathe alimhamisha mtoto kwenye bega la pili, akatoa kichwa chote nje ya bati, akamtamkia kipande cha kwanza cha Kishi, silabi kwa silabi, kama anavyofundishwa anayeanza kusema. Bibiane alikirudia akikosea. Maman Agathe akamsahihisha mbele ya mwenyekiti wa baraza, na Mzee Jacques akapunguza mwendo wa ngoma, akamngoja.